Hodi Namba Tano

Miskolc, Februari ya tisini na nane, ghorofa ya saba.
Theluji imeganda kioo kwa nje.
Kwa ndani kuna kompyuta iliyovuliwa ubavu,
waya zimemtoka kama matumbo ya bata wa sikukuu,
na kaka yangu Csongor amepiga magoti
na kibanio cha nyusi cha mama.

Mchezo ni wa vifaru. Kifaru kinatembea,
mzinga unainuka, moto unaruka,
kisha sauti inakwama pale pale:
du-du-du-du-du,
kama mwenye kigugumizi anayetafuta jina la mtu anayemdai.
Baada ya hapo, skrini ya buluu.

"Ni modemu," anasema.
"Tangu tuitie, ndipo yalipoanza haya."
Mimi nina miaka kumi na mmoja, kazi yangu ni kushika tochi
na kutouliza.
Nauliza.

Basi ananieleza, bila kunitazama:
humo ndani kuna bwana mmoja tu, ana shughuli zake,
na kila kadi ikiwa na neno humpigia hodi.
Hodi zina namba. Kibodi ina yake tangu enzi.
Saa ina yake, haiombi, haiazimi.
Kadi ya sauti hubisha kwa tano.
Na huyu mgeni, modemu ya bei ya sokoni,
aliyekuja kwenye mfuko wa nailoni bila kitabu,
naye anabisha kwa tano.
Bwana akisikia tano, amfungulie nani?
Anasimama katikati ya nyumba, mkono kwenye komeo,
na huko ndiko kuganda.

Tukachora orodha nyuma ya bili ya gesi.
Tatu imekaliwa. Nne ni ya kipanya.
Tisa ni kadi ya picha, usiiguse, ilitutesa juzi.
Modemu yenyewe hatujui hata pa kuikamata.
Imebaki saba.
Saba ni ya printa.

Printa ni ya baba.
Tangu kiwanda cha chuma kilipomfungia lango
huchapa barua za kuomba kazi, tatu kila Jumapili:
fundi wa tanuru, miaka ishirini na miwili,
mtiifu, hana ugonjwa.
Csongor akaweka kalamu chini.
Hata yeye, ambaye angeuza viatu vyangu apate megabaiti nane,
hakutaka kwenda kumwambia.

Baba alikuwa mlangoni. Sijui tangu lini.
"Chukueni saba," akasema.
"Hizo barua hazijibiwi."

Hakuna aliyesema kitu. Feni ilikuwa imezimwa;
nilisikia lifti ikipanda hadi kwa Bi Hajnalka,
ikakohoa, ikafunguka.

Kisha kaka akang'oa kikofia cha plastiki, kidogo kuliko punje ya mtama,
kikaruka. Nusu saa tukapapasa zulia
wote watatu, baba kwa kiganja kipana chenye makovu ya cheche,
na ni yeye aliyekipata, kwenye soksi yake.

Sauti ikahamia saba. Modemu ikabaki na tano yake.
Tukawasha. Kifaru kikanguruma mpaka Bi Hajnalka akagonga dari lake
kwa mpini wa ufagio, na hiyo ilikuwa hodi ya kweli,
tukajua papo hapo ni ya nani.

Jumapili, kwa ukaidi tu, Csongor akaituma barua kwenye printa.
Ikachapa. Mstari, kituo, mstari, kituo,
lakini ikachapa.
Akachimba kitabu mpaka usiku wa manane, akagundua:
printa hailazimiki kubisha.
Hukaa nje, na bwana akipata nafasi
hutoa kichwa akaiuliza, uko tayari?

"Basi ndivyo nilivyo," baba akasema, akacheka,
kicheko kifupi cha kukwaruza. Sikukipenda.
Akatia sahihi zote tatu.
Akalamba bahasha.

Parafujo moja ilibaki kwenye kisosi.
Hatukujua ilitoka wapi. Mashine ilienda bila yake miaka mitatu,
ikitetemeka kidogo upande wa kushoto.